Watoto wetu wanasoma, je, wanaelewa?

Wiki hii naomba tuweke kando mambo makubwa ya dunia, tufungue daftari la mtoto wa darasa la nne.

Kwa sisi tunaofundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule za msingi, kuna kosa moja tunalokutana nalo karibu kila tunaposahihisha. Mwanafunzi anaulizwa: "Taja mambo matatu yasiyotengua udhu." Anaandika: kutokwa na upepo, kwenda haja, kulala usingizi mzito. Udhu anaujua. Ukimwuliza kwa mdomo atakutajia yote, na atatawadha mbele yako bila ya kukosea. Lakini kile kipande kidogo, "yasiyo", kimempita. Amekosa alama zote tatu. Mzazi akiletewa karatasi anasema mtoto hajui dini, na lawama zinakwenda kwa ustadhi wa madrasa. Mtoto huyu dini anaijua. Alichokosa ni ufahamu, yaani kuyapata maana yale aliyoyasoma kwa macho yake mwenyewe.

Tatizo hili si la Waislamu peke yao. Tathmini ya Uwezo iliyofanyika nchini mwaka 2010 ilionesha kuwa katika kila wanafunzi 10 wa darasa la tatu, ni kama 3 tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Ndipo kelele zikapigwa, na kuanzia mwaka 2015 ukaletwa mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa madarasa ya mwanzo. Ni jambo jema. Lakini mzazi wa mjini akisikia habari hizo hujiambia kuwa zinawahusu watoto wa mbali, kwa kuwa wa kwake anasoma harakaharaka kama mtangazaji wa redio. Huyo anayesoma harakaharaka ndiye ninayetaka tumzungumzie.

Hebu tufanye jaribio. Soma sentensi hii: "Kibweo alimchabusha mdungwi pale minyekeni kwa ajili ya ngwashe." Sasa jibu. Nani alichabushwa? Mdungwi. Alichabushwa wapi? Minyekeni. Kwa nini? Kwa ajili ya ngwashe. Umepata tatu kwa tatu, hongera, na hujui hata jambo moja lililotokea, maana maneno hayo nimeyabuni mimi. Hivyo ndivyo watoto wengi wanavyojibu maswali ya ufahamu. Wanachukua neno lililomo katika swali, wanalitafuta katika kifungu, wakiliona wananakili sentensi nzima. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 na daftari 90 anaweka alama ya vema na kupita. Hapo ana udhuru. Mzazi mwenye watoto watatu ana udhuru gani?

Jambo la pili lataka tulitazame kwa uangalifu, kwa kuwa linagusa madrasa. Mtoto wetu anaanza kusoma akiwa mdogo sana, na kitabu chake cha kwanza ni cha herufi za Kiarabu. Anafundishwa kutoa herufi mahali pake, kuvuta panapovutwa na kusimama panaposimamwa. Hilo ni tukufu, na kusoma Qur'an kuna malipo hata kwa yule asiyejua Kiarabu. Hakuna anayebishana na hilo. Lakini mtoto akikaa miaka minne mitano akisifiwa kwa sauti tu, anajengeka kuamini kuwa kusoma maana yake ni kutoa sauti. Akienda shule anachukua kitabu cha Kiswahili, anatoa sauti nzuri, anafunga kitabu. Amemaliza.

Wema waliotangulia hawakutenganisha mambo haya. Abu Abdir-Rahman As-Sulami, aliyekuwa mwalimu wa Qur'an mjini Kufa, ameeleza kutoka kwa Masahaba waliomfundisha kwamba wao walikuwa wakijifunza aya kumi, kisha hawavuki kwenda kumi nyingine mpaka wajue elimu iliyomo na amali inayotakiwa. Sasa chukua Suratul-Maun (107). Watoto wangapi wa darasa la tatu wanaisoma kwa moyo? Wengi mno. Muulize mmoja, sura hii inamtaja mtoto gani? Anayejua kuwa humo ametajwa yatima ni wa kutafuta kwa tochi. Ustadhi akitumia dakika tano mwisho wa kipindi kueleza maana kwa Kiswahili, kisha akauliza maswali mawili, hajapunguza kitu katika hifdhi. Tafsiri zipo. Ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilichapishwa kamili tangu mwaka 1969. Nasaha za Luqman kwa mwanawe (31:12-19) ni kifungu kizuri sana cha kumsomesha mtoto wa darasa la tano na kumwuliza: Luqman alianza na jambo gani, na unadhani kwa nini alianza na hilo?

Sasa tuje nyumbani. Mazoezi haya hayahitaji tuisheni. Yanahitaji dakika 15, kifungu kifupi na mtu mzima mwenye subira. Nitatoa mfano wa kifungu nilichokitunga mwenyewe:

"Baada ya Adhuhuri mama alimtuma Rukia dukani akanunue kilo ya mchele. Rukia akakuta duka limefungwa. Akapitia kwa bibi yake, nyumba ya tatu kutoka dukani. Aliporudi nyumbani alikuwa amebeba bakuli lililofunikwa kwa kawa, na noti aliyopewa na mama ingali mkononi. Mama akafunua, akacheka. 'Basi leo jiko letu limepumzika,' akasema."

Mwache mtoto asome kwanza kimya, kisha kwa sauti. Halafu funga kitabu umwambie: "Nisimulie." Usimsaidie. Akiruka jambo, mwache afike mwisho, ndipo umrudishe akasome tena.

Kisha maswali. Anza na yale ambayo jibu lake limeandikwa: Rukia alitumwa nini? Nyumba ya bibi ni ya ngapi kutoka dukani? Haya ni ya kumtia moyo tu, usiyakalie sana. Nenda kwenye yale ambayo jibu halikuandikwa ila limo: Ndani ya bakuli mlikuwa na nini? Kwa nini noti ilikuwa bado mkononi? Mama alikuwa na maana gani aliposema jiko limepumzika? Hapa ndipo penye kazi. Mtoto aliyezoea kunakili ataangalia neno "mchele", atakwambia bakulini mlikuwa na mchele kutoka dukani. Mwingine atasema jiko limeharibika.

Ewe mzazi, usimkaripie wala usimpe jibu. Mwulize neno moja tu: "Umejuaje?" Mwambie akuoneshe kwa kidole mahali alipoona. Atarudi kwenye kifungu, atasoma kuwa duka lilifungwa, atasita. Duka limefungwa, pesa haikutumika, bakuli limetoka kwa bibi, mama anacheka. Ataunganisha mwenyewe kuwa bibi amewapa chakula kilichokwisha pikwa. Kule kusita kwake ndiko kufikiri, nasi kwa haraka zetu tunakukatiza. Na swali hilo la "umejuaje" muulize hata akipatia, asije akadhani kuwa ukiuliza basi amekosea.

La mwisho liwe ni la kutoa rai: Je, Rukia alifanya vema kupitia kwa bibi bila ya kuagizwa? Hapo hakuna kosa wala sahihi, ila lazima atoe sababu.

Neno gumu likitokea, kwa mfano "kawa" kwa mtoto ambaye nyumbani kwao hutumia sinia, asipewe maana papo hapo. Kitu kinachofunika bakuli la chakula kitakuwa nini? Akikisia, ndipo mfungue kamusi. Nyumba yenye televisheni na haina kamusi ya Kiswahili inashangaza.

Vifungu navyo visitafutwe mbali. Hadithi za Abunuwasi zinafaa sana, kwa sababu kichekesho chake hakieleweki bila ya kuunganisha mambo. Barua ya shule kuhusu kikao cha wazazi, ratiba ya futari, maelezo ya dawa ya kikohozi (mtoto wa miaka sita anywe vijiko vingapi, na kwa siku mara ngapi?), hata gazeti hili. Mpe habari fupi ya ukurasa wa ndani akueleze nani kafanya nini na kwa nini.

Wapo watakaosema: mtoto wangu yuko shule ya Kiingereza, Kiswahili cha nini? Ndugu zangu, tumekuwa na kasumba ya kumwita mtoto mbele ya wageni asome Kiingereza, wageni wapige makofi, na hakuna anayemwuliza amesoma nini. Mazoea ya kutafuta maana hujengwa vizuri zaidi katika lugha ambayo mtoto anaiota ndoto. Akishayapata huyahamishia katika lugha nyingine. Anayesoma shule ya Kiswahili ndiye anayehitaji zaidi, kwani kidato cha kwanza atakutana na masomo kwa Kiingereza, na kama hata kwa Kiswahili hajazoea kujiuliza maana ya alichosoma, huko atakariri mpaka achoke. Wengi huacha shule hapo hapo, na sisi tunasema kichwa chake kizito.

Misikiti nayo ina nafasi. Kisa cha mateka wa Badr waliojikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kusoma tunakisimulia katika kila mahafali. Kumpata mfadhili wa kununua vitabu 20 vya hadithi za darasa la tatu viwekwe kabatini madrasa ndiyo shida. Spika mpya hupatikana kwa wiki moja.

Na mama asiyejua kusoma asijione hayumo. Anaweza kuwa anachoma vitumbua huku mtoto anasoma pembeni. Amwambie "nisimulie", kisha amwulize "umejuaje". Kisa kikikatika katikati atakijua, kwa sababu hadithi anazijua tangu utotoni. Baada ya wiki kadhaa mtoto ataanza kuuliza yeye: "Mama, kwani yule bibi alijuaje kuwa nyumbani hawajapika?" Kifungu hakikusema. Mbishane naye.