Somo la Saba: Kukesha na Mama Asiye na Alama

Somo hili ni la ninyi wanafunzi wauguzi mnaoanza staji katika nyumba ya wazazi, hapa Kasongo, kule Kabambare, na katika vituo vidogo vya afya vilivyo njiani. Mmekwisha kusoma darasani habari za mifupa ya nyonga na njia anayopita mtoto. Mwalimu aliwauliza, mkajibu, mkapewa pointi. Sasa mnaingia mahali ambapo anayewauliza ni mama mwenye uchungu, naye hangoji mtihani wa mwisho wa mwaka.

Nitaanza na jambo lililotoka katika nchi yetu wenyewe. Wengi wenu hamjui kwamba jina la Kasongo limo katika vitabu vya uganga vya dunia. Tangu mwaka 1971 waganga wa Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi hapa pamoja na waganga na wauguzi wa nchi yetu, ambayo baadaye mwaka ule iliitwa Zaire. Vituo vya afya viliwekwa mikononi mwa wauguzi, na hospitali ikawa nyuma yao kuwasaidia. Tena waliandika waliyoyaona kwa bidii. Mwaka 1981 habari zao za chanjo ya surua zilitolewa katika gazeti kubwa la waganga la Uingereza, Lancet. Mwaka 1984 walitoa habari nyingine, za mabibi wanaofungwa na uzazi, na hiyo ndiyo tunayoitaka leo.

Zamani zile watu walifundishwa hivi: mama mwenye mimba akija kupimwa, umwulize habari za uzazi wake wa nyuma, umpime urefu, kisha uangalie kama yumo hatarini. Mwenye hatari alitiwa alama kwenye karatasi yake na kutumwa hospitalini. Asiye na alama aliambiwa azae karibu na kwake, bila wasiwasi. Ni mpango mzuri wa kusikia. Lakini watu wa Kasongo walifanya jambo ambalo si wengi hulifanya: walirudi kuangalia kama maneno yao yalikuwa kweli. Wakaona kwamba katika kila mabibi 100 ambao mtoto alishindwa kupita, 71 hawakuwa na habari yo yote mbaya ya uzazi wa nyuma. Na katika kila 100 waliotiwa alama kwa ajili ya habari hiyo, 90 walizaa bila kufungwa.

Soma hesabu hiyo tena, polepole. Wengi waliofungwa walitoka katika kundi la wale walioambiwa kwamba wao ni wazima.

Msije mkasema kwamba basi kupima mimba ni kazi bure. Mama aliyepasuliwa zamani apelekwe hospitalini mapema, wala hilo halina mabishano. Damu, shinikizo la damu, malaria, kaswende, virusi vya ukimwi, chanjo ya pepopunda, hayo yote yana faida yake. Ninalosema ni moja tu: karatasi safi ya mimba si ruhusa ya kwenda kulala.

Nimeona mara nyingi katika nyumba za wazazi: wanafunzi kumi wamezunguka kitanda cha mama wa mapacha, kila mmoja na daftari lake, na upande wa pili wa pazia yuko mama wa mimba ya tano, peke yake. Ukiwauliza, watakujibu, Huyu anajua kuzaa. Mume wake naye anasema vile vile huko nje. Nami nawaambia, mwogopeni huyo zaidi. Mama wa mimba ya kwanza njia ikifungwa, mara nyingi uchungu wake huchoka na kupungua. Mama aliyezaa mara nyingi, tumbo lake la uzazi halichoki upesi. Huendelea kusukuma na kusukuma mpaka lipasuke. Tena mtoto wa tano aweza kuwa mkubwa kuliko ndugu zake, au kulala vibaya, na nyonga iliyopitisha wanne isimpitishe yeye.

Basi tutajuaje, kama alama za mbele hazitoshi? Kwa kuangalia uchungu wenyewe, saa kwa saa, na kuandika. Karatasi ya kuandikia mnaijua, ni partogramu. Lakini je, mnajua ilikotoka? Mwaka 1972 daktari Philpott na mwenzake Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika mji unaoitwa leo Harare, Zimbabwe, waliitengenezea mistari miwili kwa ajili ya wakunga wa vituo vya mbali, wapate kujua saa ya kumpeleka mama hospitalini bila kungoja daktari awaambie. Karatasi hii ilifikiriwa kwa ajili ya watu kama ninyi. Baadaye Shirika la Afya Ulimwenguni liliijaribu kwa mabibi 35,484 wa Indonesia, Tailandi na Malesia, na habari zikatolewa mwaka 1994. Waliokaa na uchungu zaidi ya saa 18 walipungua kutoka 6.4 katika mia mpaka 3.4. Hakuna dawa mpya iliyoongezwa. Watu waliangalia, waliandika, walitenda kwa wakati.

Mwaka 2020 Shirika hilo lilitoa karatasi mpya, inayoanza mlango wa kizazi ukifika sentimeta 5. Katika karatasi ya zamani tulitazamia sentimeta moja kila saa. Mpya inajua kwamba mabibi wengi huenda polepole kuliko hapo, nao huzaa salama. Ila inaweka mpaka: akikaa saa 6 kwenye sentimeta 5, au saa 5 kwenye sentimeta 6, au saa 3 kwenye 7, lazima useme na mkubwa wako. Tumia ile iliyo katika kituo chako, lakini itumie kweli.

Sasa mikono. Weka mkono juu ya tumbo, na saa mbele yako, kwa dakika kumi kamili. Uchungu ukija mara mbili tu au chini yake, au zaidi ya mara tano, andika na useme. Moyo wa mtoto usikilize kila nusu saa kwa pembe, kwa dakika nzima, uchungu unapomalizika. Ukiwa chini ya 110, au 160 na zaidi, mwite mkubwa. Kisha pima kichwa kwa vidole juu ya mfupa wa kinena. Vidole vitano vikikigusa, kichwa bado kiko juu kabisa. Kama uchungu una nguvu, na saa zinapita, na vidole ni vile vile vinne, basi jambo limekwisha kukuambia jina lake. Mifupa ya kichwa kupandana, uvimbe utosini, mkojo wenye damu, mkunjo unaokata tumbo katikati: ukingoja mpaka uyaone yote haya, umechelewa.

Kuingiza vidole ndani kunatosha mara moja kila saa nne. Si kila mwanafunzi aje ajaribu. Huko Vienna mwaka 1847 daktari Semmelweis aliona kwamba mabibi waliozalishwa na wanafunzi wa udaktari walikufa kwa homa ya uzazi kuliko wale wa wakunga. Wanafunzi walitoka kupasua maiti, kisha wakaingia kuwapima wazazi. Alipowaamuru waoshe mikono kwa maji ya klorini, vifo vilipungua sana. Kwa hiyo nawa, vaa glavu safi, na kabla ya hayo mwambie mama jina lako, kwamba wewe ni mwanafunzi, na umwombe ruhusa. Mwite Mama. Akikataa, amekataa.

Jambo jingine nalisema kwa ukali. Katika kituo kisicho na mahali pa kupasulia, msimpige mama sindano ya oksitosini ili uchungu uende mbio. Ndugu zake watakuombeni, pengine wataleta fedha. Kama njia imefungwa, sindano hiyo yaweza kumpasua. Oksitosini ya kituo ni ya baada ya mtoto kutoka, yuniti 10 katika msuli, kuzuia damu.

Sasa nifike kwenye aibu ya staji zetu. Kuna fishi zinazojazwa baada ya mtoto kuzaliwa. Mwanafunzi amelala, mtoto amelia, ndipo anachukua kalamu na kuchora mstari mzuri ulionyoka, ili daftari la staji litiwe sahihi. Mimi nikiona mstari ulionyoka mno, wenye wino mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, moyo wangu hauna raha. Afadhali fishi yenye nafasi tupu na neno, Saa tisa ya usiku sikupima, kuliko fishi nzuri ya uongo. Nafasi tupu yaweza kumwamsha anayekupokea zamu. Uongo humlaza usingizi yeye pia.

Maana matokeo si maneno ya kitabu. Kichwa kikikaa siku mbili katika nyonga, nyama kati ya kibofu na njia ya uzazi hukosa damu na kufa, nayo hutoboka. Mtoto kwa kawaida amekwisha kufa. Mama anarudi nyumbani mkojo ukimtoka bila kukoma, na watu wanasogea mbali naye kanisani na sokoni. Wako waganga wa kushona kidonda hicho, kama wale wa hospitali ya Panzi kule Bukavu, lakini safari ni ndefu. Kwa hiyo mama aliyefungwa muda mrefu, hata akizaa, atiwe mpira wa mkojo, ukae majuma mawili, anywe maji mengi. Tundu dogo laweza kuziba lenyewe. Kazi hiyo yafaa kabisa kwa mwanafunzi, nayo husahauliwa.

Mtasema, Kuamua ni kazi ya daktari. Siku ya 30 Juni 1960 Kongo ilipojitawala, shule zake hazikuwa zimemtoa daktari Mkongomani hata mmoja; wauguzi na waganga wasaidizi ndio walioshika hospitali nyingi wageni walipoondoka. Leo madaktari wapo, lakini si katika kila kituo, na Luama ina maji mengi wakati wa mvua. Iwe diploma yako ni A2, A1 au A0, au ya mtindo wa LMD ulioanza katika vyuo mwaka wa masomo 2021-2022, usiku utakuwa wewe na mama yule. Basi hesabu njia pamoja na uchungu. Kama pikipiki au tipoi huchukua saa tano mpaka mahali pa kupasulia, ondoa saa hizo tano katika kungoja kwako. Zungumza na mume na mama mkwe mapema, mchana, juu ya nani atakayechukua na fedha itakayotumika. Saa nane ya usiku si saa ya kuanza baraza.

Maswali ya kujibu katika daftari lako:

Kwa nini mabibi 71 katika 100 waliofungwa huko Kasongo hawakujulikana mbele?

Mama wa mimba ya sita amefika saa mbili ya jioni, sentimeta 6, vidole vinne. Saa saba ya usiku ni sentimeta 6, vidole vinne, uchungu mara nne katika dakika kumi, moyo wa mtoto 150. Karatasi yake ya mimba ni safi. Utafanya nini, na utaandika nini?

Toka kituo chako mpaka mahali pa kupasulia ni saa ngapi wakati wa kiangazi, na saa ngapi wakati wa mvua? Kama hujui, kaulize kabla ya zamu yako ya kwanza ya usiku.