Dondoo muhimu: Mdhamini wa maombi ya MBA

Ukiomba kusoma MBA Harvard utatakiwa kuwa na wadhamini wawili, na wengi hukimbilia kwa mkurugenzi mkuu wakiamini jina kubwa lina uzito. Uzito huo ni mdogo. Fomu inayotumiwa na vyuo vingi vya biashara Marekani humtaka mdhamini akulinganishe na wenzako, kisha aeleze alivyowahi kukukosoa na ulivyoupokea ukosoaji huo. Mkurugenzi anayekuona kwenye mkutano wa mwaka atajibu nini? Atasifu bidii na nidhamu, basi. Lakini msimamizi wako wa kila siku anaikumbuka ile bajeti aliyokurudishia uirekebishe. Utasema Kiingereza chake si cha madaha. Kamati ya udahili inatafuta tukio, si madaha. Ukiogopa bosi wa sasa asije akajua unaondoka, mwombe wa zamani, mapema.