Kuchagua Mashine ya Kuchapa na Kukata Stika: Somo kwa Kamati za Miradi



Zamani vijana wa parokia wakiambiwa wabuni mradi wa kujitegemea, walitaja kuku na cherehani. Siku hizi wapo wanaotaja stika, na wana sababu. Bodaboda, daladala, duka la dawa, chupa ya asali, mtindi wa akina mama, shule ya chekechea: vyote vinahitaji nembo au maandishi, na mara nyingi kazi hiyo hupelekwa mjini. Uchapaji wenyewe si mgeni katika makanisa yetu. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda waliendesha mitambo ya kuchapa vitabu kwa miongo mingi. Lakini mashine tunayoizungumzia leo ni ya aina nyingine, na ina tabia zake. Kamati ambayo haijazifahamu inaweza kununua kitu cha mamilioni ya shilingi kikaishia kufunikwa kitambaa baada ya miezi michache.

Mashine ya kuchapa na kukata ni printa pana. Huvuta karatasi ya stika kutoka kwenye roli, huichapa kwa wino wa rangi, kisha kisu kidogo kilicho ndani yake hupita kufuata umbo la mchoro, liwe duara, herufi au jani la mgomba. Stika hutoka ikiwa tayari kubanduliwa. Roland na Mimaki, zote kampuni za Kijapani, ni majina yanayosikika sana katika kazi hii. Njia ya pili ni kuwa na mashine mbili: printa peke yake, na plota ya kukatia peke yake. Plota nzuri ina jicho la kusoma alama ndogo zilizochapwa pembeni mwa mchoro, ili kisu kijue pa kupita.

Moja au mbili?

Muuzaji atawaambia kwamba mashine moja inayofanya yote ni nafuu, haihitaji chumba kikubwa wala mafundi wawili. Ni kweli. Kwa kikundi chenye chumba kimoja na kijana mmoja aliyefunzwa, hayo si mambo madogo. Lakini kuna jambo ambalo muuzaji hulipitia haraka.

Stika ya kubandika kwenye gari au pikipiki hupigwa jua, mvua na kitambaa cha kuoshea. Ili idumu, hufunikwa kwa plastiki nyembamba ya kinga, yaani laminesheni. Sasa, wino unaotumika sana katika mashine hizi, uitwao eko-solventi, una kemikali inayohitaji muda kutoka kwenye karatasi. Desturi ya mafundi ni kusubiri angalau saa 24 kabla ya kuweka laminesheni. Ukiharakisha, gundi hulegea na kingo za stika hujikunja baada ya kubandikwa. Kwa hiyo kazi ya gari haichapwi na kukatwa kwa mkupuo mmoja. Itachapwa, itatolewa, itasubiri hadi kesho, itawekewa laminesheni, kisha itarudishwa kwenye mashine ile ile ili isome alama na kukata. Na wakati inakata, haichapi. Mteja mwingine aliyesimama mlangoni na kazi yake atangoja.

Basi kamati itazame kwanza ni kazi gani italetwa. Kama nyingi ni lebo za asali na mtindi, stika za shule na za harusi, zisizohitaji kukaa juani miaka mitatu, mashine ya pamoja inafaa sana. Kama nyingi ni za magari na vibao vya nje, faida yake kubwa imeshapungua, na mashine mbili zitafanya kazi zaidi kwa siku. Kuna faida nyingine: printa ikiharibika, plota inaendelea kuingiza fedha kidogo. Mashine ya pamoja ikilala, duka zima linalala.

Hesabu kabla ya bei

Tufanye mfano, namba hizi ni za kujifunzia tu, kila kamati iweke zake. Tuchukulie mashine ni shilingi 15,000,000 nanyi mnataka irudishe fedha hiyo kwa miaka 5. Hiyo ni 250,000 kila mwezi. Wekeni akiba ya 100,000 kwa matengenezo, na 400,000 kwa posho ya kijana, umeme na pango. Jumla ni 750,000. Kama kila mita ya mraba ikishauzwa inabakiza 8,000 baada ya kuondoa karatasi, wino na laminesheni, mnahitaji kuuza karibu mita za mraba 94 kwa mwezi, yaani takriban 4 kila siku ya kazi. Stika za sentimita 10 kwa 10 zinaingia 100 katika mita moja ya mraba. Ni stika 400 kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Je, katika kata yenu ni nani atakayeagiza stika 400 leo, na kesho tena?

Wala msihesabu kwa kutazama miezi ya neema. Januari shule zinafunguliwa, kazi ni nyingi. Mwaka wa uchaguzi mkuu, ambao Tanzania huja kila baada ya miaka 5, wagombea hujaza maduka ya uchapaji. Mkiandika andiko la mradi katika mwezi kama huo, mtaona mashine kubwa ni ndogo. Andikeni kwa kutazama mwezi wa mfungo au wa kilimo.

Miezi hiyo mikavu ina hatari nyingine. Kichwa cha kuchapia, ambacho mafundi hukiita hedi, kina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Wino ukikaa bila kutembea huganda ndani yake. Mashine nyingi hujisafisha zenyewe kwa muda uliopangwa, lakini ni lazima ziwe kwenye umeme, na kila usafishaji hula wino. Yaani mashine isiyo na kazi bado inakunywa, na ikikatiwa umeme wiki mbili inaweza kuziba. Hedi mpya ni miongoni mwa vipuri vya bei kubwa kuliko vyote katika mashine hizi. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kifaa cha kuhifadhi umeme na cha kutuliza voti viwemo kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na dirisha la kupitisha hewa, maana harufu ya wino huo si ya kuvuta kutwa nzima.

Upana nao utazamwe. Mashine ndogo ya mezani kama Roland BN-20 hupokea karatasi isiyozidi takriban nusu mita. Roli nyingi madukani zina upana wa mita 1.27 au 1.52. Ukipasua ile ya 1.27 unapata vipande viwili vya sentimita 50 na kinabaki kipande cha 27, zaidi ya sehemu moja ya tano ya fedha yako. Ile ya 1.52 inatoa vitatu na haibakizi kitu cha maana. Mambo madogo kama haya ndiyo hula faida ya kikundi bila mtu kuona.

Kwa wafadhili wetu wa ng'ambo, tunaomba jambo moja kwa heshima. Msitume mashine iliyotumika kabla kamati haijaona karatasi ya jaribio la matundu iliyochapwa wiki hiyo hiyo, na kabla hamjajua kama wino wa mashine hiyo bado unauzwa Dar es Salaam au Nairobi. Kibao cha umeme nacho kisomwe: Tanzania hutumia voti 230, Kenya 240, na Marekani 120. Mara nyingi mchango wa wino wa mwaka wa kwanza na mafunzo ya vijana wawili (si mmoja, kwa kuwa mmoja akiolewa au akipata kazi mjini mradi unabaki yatima) una thamani kuliko mashine kubwa zaidi.

Maoni yetu ni kwamba vikundi vingi vya vijijini vingeanza na plota yenye jicho na pasi ya kubandika maandishi kwenye fulana. Plota haina wino wa kuganda. Inakata vinili ya rangi kwa majina ya shule na maandishi ya magari bila kuchapa chochote. Kazi yenye picha mnaichapisha kwenye duka kubwa la mjini, mkiwa mmeweka alama za plota yenu ndani ya faili na kumwagiza mchapaji asibadilishe ukubwa hata kidogo, kisha mnakuja kuikata nyumbani. Andikeni kila oda daftarini kwa mwaka mmoja: ukubwa, bei, ilihitaji laminesheni au la. Daftari hilo ndilo mtakaloambatanisha kwenye andiko la kuomba printa.

Siku ya kwenda kununua, nendeni watatu, akiwemo kijana atakayeiendesha. Bebeni faili yenu wenyewe, yenye herufi ndogo na umbo la kona nyingi. Ombeni ichapwe, itolewe, irudishwe ndani na kukatwa mbele yenu. Kisu kikipita nje ya mstari, ulizeni ni kwa nini, na msikilize kama anayejibu ni fundi au ni muuzaji. Kisha ombeni bei ya hedi, ya kisu na ya lita moja ya wino ziandikwe kwenye proforma ile ile, pamoja na jina la fundi atakayekuja parokiani kwenu na nauli yake.