Mume Wangu ni Profesa wa Sheria, Mbona Ana Mambo Mengi Hivi?

Dada wa King'ong'o,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka kando, nikairudia tena usiku. Unasema uliolewa na mwanasheria ukijua utaishi na mwanasheria. Leo sebule imejaa santuri za Joseph Kamaru, vitabu vya historia na tamthilia, na picha za ndege wa msitu wa Aberdare. Jumamosi iliyopita Profesa alipanda matatu hadi Mukurwe-ini kumtafuta mzee mmoja anayesemekana bado anajua kuimba gĩcandĩ, ule wimbo wa mafumbo wa Wakikuyu. Wenzake aliosoma nao wana ofisi za uwakili mjini na nyumba za kupangisha kule Skuta. Kwenye ruracio ya juzi, ile sherehe ya mahari, shemeji yako akakuuliza mbele ya watu kama mumeo aliacha kazi, nawe ukatamani ardhi ipasuke. Swali lako umeliandika kwa herufi kubwa: JE, MUME WANGU AMEPOTEA?

Hajapotea, dada. Na kwa kuwa najua unanisoma kwa nia njema, nitakuambia wazi ni wapi nadhani unakosea, kisha nitakuambia ni wapi una haki kabisa.

Unaamini kwamba kila saa anayompa Kamaru ameinyima sheria. Hebu tuanzie hapo hapo kwa Kamaru. Mwaka 1975 mwanasiasa J.M. Kariuki alipouawa, watu wengi waliogopa hata kulitaja jina lake barabarani. Kamaru, kijana wa Kangema, alimwimbia. Profesa wa sheria anayesikiliza wimbo huo anasikia jinsi wananchi walivyohukumu jambo ambalo hakuna mahakama iliyolihukumu. Hiyo ni kazi, ingawa ina gitaa ndani yake.

Unasema pia anapotea makumbushoni pale Ruring'u "kutazama vyungu". Jengo hilo lenyewe lilikuwa mahakama ya Waafrika enzi za mkoloni. Anapoingia mle, mumeo anaingia mahakamani.

Kisha kuna ile kesi ambayo unasema amekuchosha nayo hata mezani, kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Nivumilie kidogo, maana hapa ndipo ninapomwelewa zaidi. Kimathi alipigwa risasi akakamatwa ukingoni mwa msitu, huko huko kwenu Nyeri, tarehe 21 Oktoba 1956. Mwezi uliofuata akashtakiwa papo hapo Nyeri, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee washauri watatu Waafrika. Shtaka lilikuwa kupatikana na bastola na risasi. Ukiisoma kwa jicho la sheria peke yake, kesi hiyo ni fupi: bastola ilikuwepo, sheria za hali ya hatari zilikuwepo, hukumu ni kifo. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Lakini utetezi wake ulikuwa kwamba alikuwa akitoka msituni ili ajisalimishe. Sasa nani anaweza kupima maneno hayo bila kujua njaa ya msituni, lile handaki ambalo wanavijiji walilazimishwa kuchimba kando ya msitu, barua alizokuwa akiandika, na jinsi Kikuyu chake kilivyogeuka Kiingereza kwenye karatasi za korti? Hapo vifungu vya sheria havitoshi. Lazima uwe mwanahistoria kidogo, mtu wa lugha kidogo, hata mtu wa jukwaa, kwani kabla ya wengi wetu kupata nafasi ya kusoma kumbukumbu za kesi yenyewe, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walikuwa wameshaiandikia tamthilia mwaka 1976. Kumbukumbu hizo zilipochapishwa kuwa kitabu mwaka 2017, Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga, naye aliyewahi kufundisha sheria, alikuwa miongoni mwa walioandika maneno ya utangulizi.

Wala mumeo si wa kwanza. Kivutha Kibwana alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi na kuongoza kitivo chake, akaja kuwa gavana wa Makueni, na huyo huyo ndiye mwandishi wa tamthilia za Kiswahili Utisho na Kanzala. Issa Shivji wa Dar es Salaam huandika mashairi, na mwaka 2020 yeye na wenzake wawili walitoa wasifu wa Mwalimu Nyerere wa vitabu vitatu. Hakuna aliyewauliza kama wameacha kazi. Au labda mashemeji zao waliwauliza, sijui!

Sasa nije kwako, maana barua yako haikuhusu Kimathi.

Karo inalipwa, umesema mwenyewe. Chakula kipo. Hanywi, halali nje. Kinachokuuma umekiandika katikati, haraka haraka, kana kwamba ulitaka kisionekane: "Akinieleza hayo mambo yake ananieleza kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza." Hapo, dada, una haki yote. Mtu anaweza kujua mengi kiasi hicho akasahau kumuuliza mke wake anaonaje. Mwambie. Usimwambie mbele ya watoto wala wakati umekasirika kwa sababu ya maneno ya ruracio. Mwambie jioni, mmekaa: "Baba watoto, mimi si darasa lako. Nizungumzie kama mke wako." Atashtuka. Watu wa aina yake mara nyingi hawajui kabisa kwamba wamepandisha sauti ya ukumbi wa mihadhara, na akikupenda kama unavyosema, atajirekebisha.

Kuna mstari mwingine ulioupita mbio. Umesema nyanya yako wa Mathira alikuwa akiwategea ndaĩ, yaani vitendawili, jioni, na wewe ndiwe uliyekuwa ukizitegua kabla ya binamu zako wote. Dada! Gĩcandĩ ni nini kama si hizo hizo ndaĩ zilizokomaa? Waimbaji wawili, kibuyu kilichochorwa alama, mafumbo yakirushwa huku na huku, na anayeshindwa kufumbua anapoteza kibuyu. Padre Vittorio Merlo Pick wa Consolata, aliyechapisha kitabu cha ndaĩ na gĩcandĩ mwaka 1973, hakuviokota njiani. Alikaa na watu waliovijua. Mumeo anapanda matatu mpaka Mukurwe-ini, na aliyekulia miguuni pa nyanya wa Mathira yuko jikoni mwake anamenya viazi.

Je, amewahi kukusikia ukitega hata moja? Nadhani hajawahi, na sidhani kosa ni lake peke yake. Uliamua zamani kwamba mambo ya akili ni yake na ya nyumba ni yako. Jumamosi ijayo panda matatu naye. Usiende kubeba mkoba. Nenda umsikilize mzee, na akitega fumbo unalolijua, jibu. Nataka sana kujua Profesa atafanya uso gani.

Kuhusu zile nyumba za kupangisha: kama wewe unazitaka, hilo ni jambo halali, lijadilini kama jambo la pesa, kwa kalamu na karatasi. Wekeni kiasi cha santuri na vitabu kwa mwezi, naye asikivuke. Lakini usizitake kwa sababu ya shemeji.

Mwisho uliuliza kama uyauze yale masanduku mawili ya vitabu yanayoziba korido, kwa yule kijana anayenunua karatasi kuukuu. Usiyaguse kabisa. Mpe Profesa tarehe, ayahamishe yeye mwenyewe, na umsaidie kubeba lile zito.