Tangi Kubwa Halizalishi Hewa: Namna ya Kuchagua Kompresa ya Karakana Ndogo

Fundi anayeanzisha karakana nyumbani kwake huhitaji kompresa, yaani mashine ya kushindilia hewa, ili ajaze upepo magurudumu, apulizie rangi au asafishe vipuri. Afikapo dukani, mara nyingi huvutiwa na mashine yenye tangi kubwa, akidhani kwamba ukubwa wa tangi ndio nguvu ya mashine. Kosa hili huweza kumpotezea akiba ya miaka. Kanuni moja inayofundishwa katika shule za sekondari yatosha kumwepusha nalo.

Kanuni ya Boyle

Mwaka 1662 Robert Boyle alieleza kwamba, iwapo halijoto haibadiliki, kanieneo ya gesi huongezeka kadiri ujazo wake unavyopungua. Ukizidisha kanieneo kwa ujazo, jibu huwa lile lile. Kanieneo ya angahewa pwani hukaribia baa 1, na geji ya kompresa huonyesha kiasi kinachozidi hiyo. Kwa hiyo tangi la lita 100 likishuka kutoka baa 8 hadi baa 6, hewa iliyotoka, ikipimwa katika kanieneo ya angahewa, ni 100 × 2, yaani lita 200.

Chukua mfano wa kifaa cha kupulizia rangi kinachotumia lita 250 za hewa hiyo kwa dakika, huku kompresa ikitoa lita 150 tu. Upungufu ni lita 100 kila dakika. Akiba ya lita 200 itaisha kwa dakika 2. Tangi la lita 200 litaahirisha upungufu huo hadi dakika 4, lakini halitauondoa. Baada ya hapo kanieneo hushuka na rangi hutoka kwa matone. Tangi ni ghala. Shamba ni silinda na pistoni.

Kupima kabla ya kununua

Kiasi kinachoandikwa kwenye kibao cha mashine mara nyingi ni cha hewa inayovutwa. Inayotolewa huwa pungufu. Mnunuzi aombe jaribio. Tangi litolewe hewa yote, bomba lifungwe, kisha muda wa kujaa uhesabiwe kwa saa. Tangi la lita 100 likifika baa 6 kwa dakika 5, mashine hutoa 100 × 6 ÷ 5, yaani lita 120 kwa dakika. Kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa hupata joto, geji isomwe tena tangi likishapoa.

Maji na kutu

Katika nyuzi 30 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30 hivi za mvuke wa maji. Hewa ya pwani yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba gramu 24. Ikishindiliwa hadi sehemu ya nane ya ujazo wake, kisha ikapoa, huweza kubaki na gramu 4 tu. Gramu 20 hugeuka maji ndani ya tangi. Maji hayo huleta kutu, na kutu hula chuma kutoka ndani, mahali pasipoonekana.

Hatari yake si ndogo. Kifuniko cha tangi chenye kipenyo cha sentimita 35, kwa baa 8, husukumwa na kani inayozidi uzito wa tani 7. Kwa sababu hiyo, maji yatolewe chini ya tangi kila siku ya kazi. Vali ya usalama isizibwe kamwe. Tangi lililoliwa na kutu lisiungwe kwa kuchomelea, bali liachwe kutumika.

Zoezi

Tangi la lita 50 hujaa kutoka baa 0 hadi baa 6 kwa dakika 3. Je, kompresa hiyo yaweza kuendesha bila kukoma kifaa kinachotumia lita 120 kwa dakika? Eleza.