Mteja wa Kibuye Huvuta Droo Kwanza

Wadogo zangu mafundi, swali linalonijia sana siku hizi ni hili: ninunue meza ya rauta ya dukani, au nijitengenezee? Jitengenezee. Pesa itakayobaki nunua biti nzuri.

Mnaouza pale soko la Kibuye mnaijua Jumapili. Mteja hana haja na vanishi yako. Anavuta droo, anaitikisa, anachungulia pembe. Akiona vichwa vya misumari, bei imeshaanza kushuka kabla hajafungua mdomo. Droo iliyounganishwa kwa vidole, meno ya ubao mmoja yakikaa katikati ya meno ya mwenzake, inamnyima hoja hiyo. Kwa msumeno na patasi utavikata pia, sikatai, lakini kabati lenye droo nne litakula siku yako nzima. Ndiyo maana nataka uwe na meza ya rauta.

Meza yenyewe ni MDF mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja kwa gundi, juu ukabandika formika, rauta ikafungwa chini ikitazama juu. Usichosamehe ni kupinda. Laza rula ya chuma mshazari juu ya meza. Ukiona mwanga chini yake, meza imebonyea kwa uzito wa mashine, na kila kiungo kitabeba kosa hilo. Fensi? Ubao mnyoofu na klampu mbili, basi. Wala usijisumbue kuilinganisha na ukingo wa meza: biti ni duara, inachojali ni umbali tu.

Sasa jigi ya kukatia vidole. Ni ubao uliosimama wima juu ya kitako kinachoteleza, na kwenye ubao huo kuna kipini cha mti mgumu. Ukitumia biti ya nusu inchi, kipini kiwe na upana wa nusu inchi, na nafasi kati ya kipini na biti iwe nusu inchi ileile. Kata mfereji wa kwanza, uvalishe kwenye kipini, kata wa pili, endelea hivyo mpaka mwisho wa ubao. Rula huihitaji tena.

Lakini usianze na mbao ya mteja. Jaribu kwa vipande vya saipresi. Vidole vikigoma kuingia, sogeza kipini karibu na biti. Vikilegea, kisogeze mbali kidogo. Kidogo ninachosema ni unene wa karatasi, maana nawajua, mtachukua nyundo. Na nyuma ya mbao weka kipande cha kutupa, nyuzi zisichanike biti inapotokea upande wa pili.

Wa mvule nina neno lenu. Mti ule huwa na mawe ya chokaa yaliyojificha ndani, na biti ya chuma cha kawaida haitadumu nayo. Tafuteni ya kabaidi. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo barakoa si urembo.

Ukiisukuma mbao kwenye fensi, ipeleke kutoka kulia kwenda kushoto, ikikabiliana na mzunguko wa biti. Ukigeuza upande, biti itaidaka mbao na kuirusha, vidole vyako vikiifuata. Na usiwahi kuipitisha mbao katikati ya biti na fensi.

Halafu kuna stima. Inapotea, kelele inaisha, unaenda zako kunywa chai. Inarudi, na biti inazunguka pale peke yake, mtoto wa jirani akiwa amesimama kando ya meza. Funga swichi ile isiyojiwasha umeme unaporudi. Kama hujaipata bado, chomoa waya kabla hujavuka mlango, na uchomoe pia kila unapobadilisha biti.

Jigi ikikubali, iandike kwa kalamu ubavuni: biti gani, mbao ya unene gani. Kisha itundike ukutani. Jirani akija kuazima, mwonyeshe droo, mkaribishe chai, jigi ibaki palepale.