Somo la Juma: Kura Isiyohesabiwa

Andiko la kusoma nyumbani: 1 Samweli 12:1–5

Wapendwa, kwenye chai baada ya ibada mazungumzo yetu huishia kwenye siasa za nyumbani: Kinshasa, Nairobi, Dar es Salaam. Siasa za hapa Sydney hatuzigusi, kana kwamba ni za wenye nyumba na sisi ni wageni tu. Juma hili tuziguse.

Nchi zinazochagua viongozi wake kwa kura huru zimo katika wakati mgumu. Tarehe 6 Januari 2021 sote tuliona kwenye televisheni watu wakivamia bunge la Marekani kwa kuwa hawakukubali kwamba mgombea wao ameshindwa. Kwingine watu hawavamii kitu, wamechoka tu, na hawaamini tena kwamba kura inabadili lolote. Ugonjwa huu wa pili ndio uliotufikia sisi.

Katika andiko letu Samweli ni mzee na anakabidhi uongozi. Anasimama mbele ya watu wote na kuwataka waseme kama aliwahi kuchukua mnyama wa mtu, kumdhulumu mtu, au kupokea rushwa. Yeye ndiye mkubwa, lakini anajisimamisha mbele ya wadogo ili wamkague. Uchaguzi wa haki ni jambo hilo hilo, ila haungoji mpaka kiongozi atake mwenyewe.

Tunajua kwa nini wengi wetu hatuamini. Wakenya miongoni mwetu wanakumbuka matokeo yaliyotangazwa Desemba 2007 na watu zaidi ya 1,100 waliouawa baadaye. Ni kweli pia kwamba tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais, jambo ambalo halijawahi kutokea Afrika kabla ya hapo. Watanzania wanakumbuka tarehe 29 Oktoba 2025: intaneti ikazimwa, watu wakauawa mitaani, na ndugu walio ng'ambo wakakaa siku kadhaa bila kujua nani yu hai.

Lakini tukae kidogo na Beni. Desemba 2018 tume ya uchaguzi ya Kongo iliahirisha kura ya Beni, Butembo na Yumbi mpaka Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Rais angetangazwa Januari. Hivyo wapiga kura zaidi ya milioni moja waliachwa nje. Siku ya uchaguzi, tarehe 30 Desemba, watu wa Beni walipanga foleni hata hivyo. Walinawa mikono kwa sababu ya Ebola, wakapiga kura waliyoiandaa wenyewe, wakijua kwamba haitahesabiwa. Walitaka tu ionekane kwamba wanaweza. Maaskofu Wakatoliki nao walikuwa wametuma waangalizi wapatao 40,000 nchini kote, na matokeo yalipotangazwa walisema wazi kwamba hayalingani na waliyoyaona vituoni. Hayakubadilika.

Sasa tuje hapa. Sheria ya uchaguzi ya Australia ya mwaka 1902 iliwanyima kura wenyeji asilia wa nchi hii, na pamoja nao, kwa kutajwa kabisa, wenyeji wa Asia na Afrika. Wenyeji asilia walipata haki ya kupiga kura za taifa zima mwaka 1962 tu. Kwa hiyo haki tuliyopewa siku ya kula kiapo cha uraia haikuwapo tangu mwanzo. Kuna watu waliipigania miaka mingi kabla hatujafika.

Kupiga kura hapa ni lazima kwa raia tangu mwaka 1924. Usipokwenda bila sababu ya kutosha, faini ni dola 20 kwa uchaguzi wa taifa na dola 55 kwa uchaguzi wa jimbo letu la New South Wales. Wengi wetu tunakwenda kwa kuogopa faini, tunatia alama haraka, tunanunua soseji nje ya kituo na kurudi nyumbani. Matokeo yake yanaonekana. Mwaka 2022, katika majimbo ya uchaguzi ya Blaxland na Fowler, huku magharibi mwa Sydney kwenye wahamiaji wengi, kura zaidi ya 10 katika kila 100 ziliharibika. Kwa nchi nzima zilikuwa kama 5. Hakuna aliyeziiba. Nyingine ziliachwa tupu kwa makusudi, lakini nyingi zilijazwa vibaya.

Sababu moja ni hii. Katika uchaguzi wa jimbo, kwenye karatasi ya mbunge, ukiandika 1 peke yake kura yako ni halali. Katika uchaguzi wa taifa, kwenye karatasi ya kijani, lazima uandike namba katika kila kisanduku, 1, 2, 3 mpaka mwisho, bila kuruka wala kurudia. Mtu aliyezoea utaratibu mmoja anaharibu kura kwenye mwingine. Karatasi nyeupe ya Seneti ina lake: namba zisizopungua 6 juu ya mstari, au zisizopungua 12 chini yake. Ukikosea, usifute-futa. Rudisha karatasi upewe nyingine. Anayeshindwa kusoma anaweza kuomba asaidiwe na mtu anayemwamini.

Na ile penseli? Wengine wetu tunaitilia shaka, na kwa tuliyoyaona nyumbani si ajabu. Unaruhusiwa kuja na kalamu yako ya wino. Kura huanza kuhesabiwa palepale kituoni usiku uleule, mbele ya mawakala wa wagombea, kisha huhesabiwa tena.

Anayesema kura moja haina maana atazame Bradfield, kaskazini mwa jiji letu hili. Mwaka 2025, baada ya kura kuhesabiwa upya, Nicolette Boele alishinda kwa kura 26. Walio kwenye ibada yetu ya asubuhi ni zaidi ya hao.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

Wazazi, mliwahi kuwasimulia watoto wenu uchaguzi mliouona kabla ya kuja huku? Waliozaliwa hapa wanafahamu kwamba kuna watu walipanga foleni kwa kura isiyohesabiwa?

Vijana mliofika miaka 18, majina yenu yamo kwenye daftari la wapiga kura? Na bibi au babu yenu ambaye ni raia, nani atakaa naye na karatasi ya mfano kabla ya Machi 2027, tutakapochagua wabunge wa New South Wales?